Kura ya butura haina msemaji

 

Ndugu msomaji, siku ya gulio katika vijiji vyetu hivi, kuanzia Kiruruma hadi kwa wenzetu wa Kyerwa ambao hadi 2012 tulikuwa nao wilaya moja, mama huamka kabla ya adhana ya alfajiri akajitwisha mkungu wa ndizi. Akifika na kuutua, mara nyingi mtu wa kwanza kumkaribia si mnunuzi, bali ni mkusanya ushuru na mashine yake mkononi. Mama hajauza hata chane moja.

Ushuru wenyewe sina ugomvi nao. Halmashauri haiendeshwi kwa dua peke yake, na zahanati tunayomkimbizia mtoto usiku inataka dawa na taa. Swali langu ni jingine. Mama huyu akiona kwamba ametozwa mara mbili kwa mzigo mmoja, au kwamba uwanja anaoulipia ni tope tupu na hauna choo, ni nani atakayelisema hilo mahali linaposikilizwa? Yeye hana kiti katika baraza la madiwani. Dodoma huisikia redioni. Amebakiwa na mdomo mmoja tu wa kumsemea, nao ni wa yule aliyempigia kura.

Waislamu tunalo jina la kazi hiyo, nalo ni shafaa, yaani kumwombea mtu mbele ya mwenye uwezo. Tumezoea kulisikia neno hili katika mawaidha ya Akhera, hata tukasahau kwamba Qur'ani imelitaja pia kwa mambo ya hapa duniani. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba anayeombea jambo jema atakuwa na fungu lake katika jema hilo, na anayeombea jambo baya naye atabeba sehemu yake. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) amesimulia, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa akijiwa na mwenye haja aliwageukia waliokaa naye akawahimiza wamwombee mtu huyo ili wapate ujira, kisha Mwenyezi Mungu apitishe kwa ulimi wa Mtume Wake analolitaka. Zingatia kwamba uamuzi haukuwa wao, na bado walihimizwa waseme.

Kwa kipimo hicho mbunge ni mwombezi, tena mwombezi anayelipwa mshahara.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Bukoba. Kuanzia 2005 hadi 2015 jimbo la Bukoba Mjini liliwakilishwa na Balozi Khamis Kagasheki wa CCM. Katika kipindi chake cha pili mji ule uliingia katika mgogoro mkubwa juu ya miradi ya manispaa, ukiwamo mradi wa kulijenga upya soko kuu. Ukitazama kwa mbali utasema: soko jipya, ni nani asiyelitaka? Lakini soko halijengwi angani. Hujengwa pale ilipo meza ya muuza nyanya, pale alipoweka cherehani yake fundi, pale lilipo gunia la muuza dagaa. Watu hao wakiambiwa wapishe, wana maswali ambayo hayamo katika ramani ya mhandisi: tunakwenda wapi, kwa muda gani, na likikamilika tutarudi kwa kodi ya shilingi ngapi?

Kagasheki alisimama kupinga namna miradi ile ilivyoendeshwa. Jambo linalonifanya niutaje mfano huu ni kwamba meya aliyekuwa upande wa pili alikuwa mwanachama mwenzake wa CCM. Mbunge wa upinzani kuikosoa halmashauri ya chama tawala ni jambo tulilolizoea. Kumkosoa mliyevaa naye shati la rangi moja ni kazi ya namna nyingine, kwa maana marafiki hupungua na simu hazipokelewi. Wako madiwani wa chama hichohicho waliokuwa upande wake, nao waliionja gharama. Mwaka 2013 uongozi wa chama mkoani ulitangaza kuwavua uanachama madiwani wanane, hatua ambayo uongozi wa taifa uliizuia. Hatimaye ukafanyika ukaguzi maalumu. Januari 2014 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa wakati huo, Ludovick Utouh, alifika Bukoba akaitoa ripoti yake, ikaonesha kasoro katika uendeshaji wa miradi, na meya akatangaza kuachia ngazi.

Haki inatutaka tuitaje pia hoja ya upande wa pili. Mji usiojengwa huchakaa, na kama kila mradi utasubiri ridhaa ya kila mwenye meza, hakuna tofali litakalowekwa. Hoja hiyo ina uzito, na mimi sitaki soko la mabati yaliyooza libaki hivyo milele kwa jina la kuwahurumia wachuuzi. Ninachokikataa ni desturi ya kumfanya mdogo awe wa mwisho kuulizwa na wa kwanza kuhamishwa.

Wala siutaji mfano huu kwa sababu mbunge yule ana jina la Kiislamu. Hatumpimi msemaji wa wanyonge kwa jina lake, na dalili ya hilo tunayo katika sira. Kabla ya kupewa utume, Bwana Mtume alihudhuria mapatano yaliyoitwa Hilful-Fudhul, nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an huko Makka. Kisa chake ni cha sokoni. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliuza bidhaa zake kwa al-Aas bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Makuraishi, naye akachukua mali na kukataa kulipa. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea mjini pale. Aliwaendea wakubwa kadhaa, wakamfukuza, maana ni nani atakayemgombeza mkubwa mwenzake kwa ajili ya mchuuzi asiyejulikana? Ndipo akapanda mlima Abu Qubays akalia kwa sauti mbele ya watu wa Makka. Wakajitokeza waliomwonea uchungu, wakakutana, wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, wakaenda kumchukulia haki yake. Waliofanya mapatano yale hawakuwa Waislamu. Hata hivyo Mtume (S.A.W.), baada ya kupewa utume, aliyasifu, akasema kwamba lau angeitwa kwa mapatano kama yale katika Uislamu angeitikia.

Tukirudi Bukoba, uchaguzi wa 2015 Balozi Kagasheki hakurudi bungeni. Wananchi walimchagua Wilfred Lwakatare wa Chadema. Sidai kwamba soko ndilo lililomwangusha, wala kwamba lilipaswa kumwokoa, kwa kuwa uchaguzi una mambo mengi. Nalitaja ili asiwepo wa kudhani kwamba kuwasemea wachuuzi ni njia nyepesi ya kulilinda jimbo.

Mtu wa Kiruruma ataniuliza: ya mjini yanatuhusu nini sisi wenye migomba? Yanatuhusu, kwa sababu mkungu unaoondoka hapa juu ya lori huishia mezani kwa mchuuzi wa mjini. Meza ile ikivunjwa, anayekuja kununua shambani atakuja na bei ya kuvunjikiwa. Nayo khanga, sufuria na daftari za shule tunazonunua Kayanga na Omurushaka, nyingi hutoka Kariakoo. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa malalamiko juu ya kodi na kamatakamata, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja, mwenye duka la huku naye alikuwa na la kuhofia. Na mtu makini atajiuliza: mambo yale yalikuwa hayajasemwa bungeni kabla ya kufuli kufungwa? Kama yalisemwa, kwa nini hayakusikilizwa hadi mtaa ulipofungwa?

Yapo pia yaliyopatikana kwa kusemwa. Kwa miaka mingi mkulima na mchuuzi walilalamikia mageti ya ushuru barabarani, na mwaka 2017 Serikali ilitangaza kwamba mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho 670,000 kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Utaratibu ule ulikuwa na heri yake na mashaka yake, na miaka mitatu tu baadaye, 2021, wamachinga wa miji mikubwa walikuwa wakiondolewa barabarani. Mwaka 2018 pia iliwekwa katika sheria asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iwe mikopo kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Jambo la kutazamwa sana na familia ya Kiislamu ni kwamba haina riba. Wakati huohuo vijana wetu na mama zetu wanaingia katika mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo halikukosea.

Tusiuonee haya uchuuzi. Uislamu wenyewe ulifika Karagwe katika mizigo ya wafanyabiashara. Wazungu Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanika mwaka 1861, biashara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa imekwisha kufika, na kituo chao kilikuwa Kafuro. Abdurrahman bin Auf (R.A.), alipohamia Madina bila kitu, ndugu yake wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali. Akamshukuru, akaomba aoneshwe soko lilipo. Alianza kwa kuuza jibini na samli.

Sasa nifike penye kidonda.

Kila mtu wa huku anaijua butura. Mkulima ana shida ya ada au ya mgonjwa, kahawa ingali ua. Anamwendea mwenye fedha, anapewa kiasi kidogo, naye anaahidi kahawa ya miti ile itakapoiva. Msimu unapofika, gunia linalostahili fedha nyingi limekwisha kwenda kwa fedha aliyoila miezi mingi iliyopita. Serikali imeipiga marufuku, na sharia ilitangulia kabla yake: Ibn Umar (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alikataza kuuza matunda kabla uzima wake haujadhihirika, akamkataza muuzaji na akamkataza mnunuzi. Wapo wanaojitetea kwamba hiyo ni biashara ya salam. Salam ina masharti yake: bei yote hulipwa papo hapo, kipimo kijulikane, muda ujulikane, na isifungwe kwenye miti hii na hii ambayo Mungu akipenda itazaa na akipenda itakauka. Butura ya kwetu mara nyingi haina hata moja kati ya hayo, na ikigeuka kuwa mkopo wa kurudishwa na ziada, hiyo ni riba iliyovaa majani ya mbuni.

Kura zetu nazo tunaziuza hivyohivyo. Mgombea anakuja ua likiwa bado jeupe. Anatoa khanga, kilo ya sukari, jezi kwa vijana, na noti moja inayopita kutoka kiganja hadi kiganja. Kura inakwenda. Miaka mitano inayofuata, mama anapopeleka habari ya tope la gulio, anashangaa kwamba hasikilizwi. Lakini hesabu ya upande wa pili iko wazi: mtu yule hana deni naye, amekwisha kumlipa. Kwa nini amkosoe meya au mkurugenzi kwa ajili ya watu aliokwisha kumalizana nao?

Palikuwa na wakati jambo hili lilipewa jina zuri. Mabadiliko ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu takrima, eti ni ukarimu wa jadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliibatilisha kwa kuwa inakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sisi Waislamu hatukuwa na haja ya kusubiri mahakama. Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Na katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama ni mtu aliyempa kiongozi baia kwa ajili ya dunia tu: akipewa anaridhika, asipopewa anakasirika.

Mtasema: mama mwenye watoto wanaolia njaa aikatae sukari? Simhukumu mama huyo, na wala sitaki khatibu yeyote apande mimbari leo kumsimanga. Lawama yangu naielekeza kwetu sisi wanaume tunaokaa barazani mwa msikiti baada ya swala. Ni sisi tunaopokea kwa jina la Waislamu wote. Mwaka wa uchaguzi ukifika, msikiti unakumbuka kwamba hauna mabati, madrasa inakumbuka kwamba haina mikeka, kipaza sauti kinaharibika ghafla. Barua inaandikwa, wajumbe wanachaguliwa, mgombea anapokewa kwa kaswida. Mabati yanakuja, na Alhamdulillahi msikiti hauvuji. Lakini baada ya hapo, siku mchuuzi wa jamaa yetu anaponyang'anywa beseni la karanga, ni nani kati yetu atakayekwenda kwa mheshimiwa na kusema naye kwa uso mkavu? Tumeiuza kahawa ya watu wote kwa mabati ishirini, na wenye kahawa hatukuwauliza.

Natambua kwamba maneno haya hayatawafurahisha baadhi ya wazee wangu, na nawaomba radhi kwa ukali wake. Kwa maana yenyewe siombi radhi. Mwenye kutaka kuujengea msikiti kwa ajili ya Allah ana miaka minne mingine ya kufanya hivyo.

Msemaji mwema hupatikana kwa kupewa kura isiyo na deni, na kisha hulishwa habari za kweli. Mbunge anayesimama bungeni na kusema kwamba wananchi wanalalamika, waziri humjibu kwa sentensi moja na kuketi. Akisimama na tarehe, mahali, kiasi kilichotozwa na namba ya stakabadhi, waziri hulazimika kutafuta majibu. Habari hizo hazipo Dodoma, zipo kwa mama wa gulio. Mwenyezi Mungu ameifungua Suratul-Mujadila kwa kutaja kwamba ameyasikia maneno ya mwanamke aliyemjadili Mtume Wake juu ya mumewe, naye ni Khawla binti Tha'laba (R.A.). Inasimuliwa kwamba baadaye akiwa mkongwe alimsimamisha Khalifa Umar (R.A.) njiani akamnasihi, naye akasimama kumsikiliza mpaka akamaliza. Mwanamke anayejua anachokidai si jambo geni katika dini hii.

Basi tuanzie nyumbani, na kwa jambo dogo. Stakabadhi inayotoka katika ile mashine ya ushuru ni karatasi laini, na maandishi yake hufifia yakikaa juani au yakifungwa na jasho katika pindo la khanga. Baada ya miezi michache haisomeki, na asiye na stakabadhi inayosomeka ataambiwa hakulipa au hakutozwa. Jioni ya gulio, mama akisharudi na kuswali magharibi, mtoto wa darasa la sita alete daftari lake la zamani lenye kurasa zilizobaki. Aandike tarehe, jina la gulio, mzigo ulikuwa nini, kiasi kilicholipwa na namba iliyo juu ya karatasi. Madaftari kumi ya namna hiyo kutoka nyumba kumi za jamaa mmoja, yakipelekwa kwa diwani na nakala kwa mbunge, na tarehe ya kuyapokea ikaandikwa na kutiwa saini, yana uzito kuliko maandamano. Na kalamu ya kuandikia hayo, tuinunue sisi wenyewe.